Utabiri wa Hewa na Tangi Letu la Maji

Redio ikifika kwenye utabiri wa hali ya hewa, wengi wetu huinuka kwenda kutafuta chai. Nami nilikuwa vivyo hivyo hadi vuli ya 2022. Huko kwetu Makueni huo ulikuwa msimu wa tano mfululizo wa mvua haba. Tulikuwa na nyanya kwenye kishamba cha mita 10 kwa 20, na tangi la lita 10,000 la maji ya kununua.

Siku moja nilisoma katika simu kwamba uwezekano wa mvua keshokutwa ni asilimia 60. Nikamwambia Baba, "Tufunge mfereji, mvua yaja." Tukafunga. Mvua ikanyesha, lakini ng'ambo ya kilima! Siku ya nne majani yalikuwa yamelala, na baadaye nyanya nyingi zikaoza kitako, kwa sababu mmea unaponyimwa maji ghafla chokaa haifiki kwenye tunda. Baba hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na zile arubaini zilizobaki ulizipeleka wapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kupiga hesabu. Milimita 1 ya mvua katika mita mraba 1 ni lita 1. Siku ya jua kali shamba laweza kupoteza milimita 5 hivi; kwetu hizo ni lita 1,000, kwa hivyo tangi ni la siku kumi. Mvua ya milimita 20 ikizama yote ardhini hutuokolea siku nne. Ya kishindo, wewe ngoja tu, nusu yake huenda mtoni.

Utabiri wa msimu, kama ule wa ICPAC, hutazama joto la bahari. Bahari ya Hindi ikiwa na joto upande wetu, vuli huelekea kuwa nzuri. La Niña ikija, huelekea kuwa haba. Huo hutusaidia kuamua tupande kiasi gani. Mfereji hufuata utabiri wa siku chache, na hata huo haufungi mfereji kabisa: tukiahidiwa mvua twatoa nusu ya maji, kisha nafukua udongo kina cha kiganja na kuufinya. Bonge likishikana, tunangoja. Likivunjika, tunafungulia, redio iseme itakavyo.

Asubuhi napima mvua kwa rula ndani ya mkebe. Chagua wenye kando zilizonyooka, maana mdomo ukiwa mpana kuliko kitako utakudanganya.