Uvimbe wa Shingoni: Usingoje Miguu Ilegee

Maumivu ya shingo huwapata wengi, hasa wanaoketi ofisini kutwa. Kwa kawaida husababishwa na uchovu wa misuli na huisha baada ya siku kadhaa. Lakini yapo mengine ambayo hayafai kupuuzwa.

Shingo ina pingili saba. Mbili za juu kabisa hubeba kichwa na kukiwezesha kugeuka kushoto na kulia. Katikati yake hupita uti wa neva utokao kwenye ubongo, unaopeleka amri mikononi, miguuni na hata kwenye misuli ya kupumulia.

Uvimbe unaweza kuota mahali hapa. Ule unaoanzia kwenye utando wa uti huo, au kwenye neva zinazochipuka kutoka kwake, mara nyingi si saratani na hukua polepole. Mwingine ni saratani iliyosambaa kutoka kwenye matiti, mapafu au tezi dume. Kwa kuwa nafasi ni finyu, hata uvimbe usio wa saratani huweza kumlemaza mtu.

Dalili zake ni maumivu ya shingo au kisogo yanayozidi usiku, ganzi vidoleni, kushindwa kufunga vifungo vya shati, na kuyumba unapotembea. Eksirei ya kawaida huenda isiuonyeshe. Kipimo kinachofaa ni MRI.

Wakati wa upasuaji, mgonjwa hupewa nusukaputi na mara nyingi hulazwa kifudifudi, kichwa kikishikiliwa na chuma. Daktari hupasua nyuma ya shingo, huondoa sehemu ya mfupa, hufungua utando, kisha akitumia darubini hutenganisha uvimbe na neva kidogo kidogo. Hujihadhari na mishipa miwili ya damu inayopita kandokando kuelekea ubongoni. Mifupa ikilegea, huungwa kwa skrubu na vyuma.

Upasuaji huu una hatari zake: maambukizi, kuvuja kwa maji yanayozunguka uti, au udhaifu wa viungo. Hata hivyo, kuchelewa ni hatari zaidi. Anayefika hospitalini akitembea ana matumaini makubwa kuliko anayefika amepooza, kwani neva iliyobanwa mno huenda isipone.

Kwa hivyo ukiona dalili hizi, usikubali mkandaji wala kinyozi akuzungushe shingo. Mwone daktari mapema.