Kompyuta Mpakato: Kununua Sasa au Kungoja Toleo Jipya?

Mtambile ni mji mdogo wa kusini mwa Pemba, katika Wilaya ya Mkoani, kwenye barabara itokayo bandarini Mkoani kwenda Chake Chake. Na achukuliwe, kwa mfano, mwalimu wa skuli ya sekondari aishiye hapo. Msimu wa karafuu umekuwa mzuri, fungu lake katika mauzo ya shamba la ukoo limepatikana, naye ameazimia kununua kompyuta mpakato, yaani ile ya kukunja ichukuliwayo mkononi. Muuza duka wa Chake Chake amemwonyesha moja iliyotoka mwaka jana. Jioni yake mwalimu mwenziwe akamwambia, "Ngoja kwanza, maalim. Toleo jipya li njiani." Je, angoje?

Swali hili likijibiwa kwa tamaa halina mwisho, kwani toleo jipya li njiani siku zote. Mwaka 1965 mhandisi wa Marekani, Gordon Moore, alionyesha kuwa idadi ya vipande viwezavyo kubanwa katika kijibamba kimoja cha silikoni ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha makadirio yake na kusema kila miaka miwili. Kwa muda mrefu mnunuzi aliyaona maendeleo hayo kwa macho: mashine ya miaka mitatu ilikuwa kikongwe mbele ya mpya. Lakini katikati ya miaka ya 2000 mbio za prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, zilikwamishwa na joto. Prosesa iliyoharakishwa zaidi iliunguza umeme mwingi kuliko faida yake, na watengenezaji wakageukia kuongeza sehemu za kukokotoa ndani ya prosesa moja. Siku hizi toleo la mwaka mara nyingi huwa ni gamba lile lile na kioo kile kile, pamoja na prosesa iliyosogezwa mbele hatua ndogo. Mtu anayeandika mitihani, kupanga alama za wanafunzi na kusoma vitabu hataitambua hatua hiyo.

Hata hivyo zipo nyakati ambapo hatua huwa kubwa. Katikati ya mwaka 2017 kompyuta mpakato nyingi nyembamba zilikuwa na prosesa za Intel za kizazi cha saba, kama vile i5-7200U, yenye sehemu mbili za kukokotoa. Mwezi Agosti mwaka huo kikatangazwa kizazi cha nane, na i5-8250U ikaja na sehemu nne. Aliyengoja miezi michache alipata mara mbili. Faida yake kubwa zaidi ilifichuka baadaye: Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft iliamua kuwa kwa upande wa Intel itakubali kizazi cha nane na kuendelea, na karibu mashine zote za kizazi cha saba zikaachwa nje. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10, iliyoanza mwaka 2015, ikafikia mwisho wa kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama. Mashine zilizotofautiana kwa miezi tu zikajikuta pande mbili za ukuta.

Hilo ndilo jambo ambalo mnunuzi wa visiwani yampasa kulitazama kabla ya wembamba wa mashine au uzuri wa kioo. Kompyuta haifi siku inapovunjika; mara nyingi hufa siku programu zinapoikataa. Mashine nyingi ziuzwazo Afrika Mashariki ni zile zilizokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya na kwingineko, nazo hufurika sokoni hasa pale ofisi hizo zinapolazimika kuzibadilisha. Bei ikishuka ghafla kuliko ilivyotazamiwa, inafaa kuuliza ni kwa nini aliyekuwa nayo ameitupa. Kwa prosesa za Intel za miaka hiyo jibu husomeka katika namba yenyewe: tarakimu ya kwanza baada ya kistari hutaja kizazi, na zikianza tarakimu mbili kama 10 au 11, hizo mbili ndizo kizazi. Mwenye mashine iliyokataliwa bado aweza kutumia Linux, ambayo hupatikana bila malipo na kwa kazi za mwalimu yatosha kabisa, mradi awepo jirani wa kumsaidia siku za mwanzo.

Wengine hungoja si kwa ajili ya toleo jipya, bali ili bei ya lile la zamani ishuke. Kwa kawaida hushuka, lakini hiyo ni desturi tu wala si sheria. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalizamisha viwanda vya diski, na bei ya diski ikapanda ulimwenguni kote. Mwishoni mwa 2025 ilikuwa zamu ya kumbukumbu ya kazi, ile iitwayo RAM: viwanda viligeukia mahitaji ya mitambo mikubwa ya akili bandia, na aliyengoja bei nafuu akakuta imepanda.

Wauzaji nao huogopa kungojewa. Kampuni ya Adam Osborne ilianza mwaka 1981 kuuza kompyuta ya kubebwa iliyokuwa na uzito wa kilo 11 hivi, ikapata soko kubwa. Mwaka 1983 ilitangaza mashine bora zaidi kabla haijawa tayari kuuzwa. Wanunuzi wakaacha kuagiza ile ya kwanza, na mwaka huo huo kampuni ikafilisika. Zipo sababu nyingine zinazotajwa, lakini kisa hicho kimebaki kuwa onyo kwa watengenezaji, ndiyo maana uvumi wa toleo jipya huenea zaidi kuliko tarehe yake.

Na ifanywe sasa hesabu ya mwalimu, kwa tarakimu za mfano. Mashine ya mwaka jana ni shilingi 1,200,000 na yatazamiwa kudumu miaka mitano: sawa na 240,000 kwa mwaka. Mpya itakuwa 1,500,000 na itadumu miaka sita: 250,000 kwa mwaka. Iliyotumika ni 500,000, lakini imebakiwa na miaka miwili: hiyo nayo ni 250,000. Bei zinazotofautiana sana dukani zakaribia kulingana zikigawanywa kwa miaka ya kazi. Kinachobaki kuamua ni gharama ya kungoja. Ikiwa kila mwezi mwalimu hulipa 25,000 kwa nauli ya Chake Chake na kuchapiwa mitihani, miezi minane ya kungoja ni 200,000, yaani karibu mwaka mzima wa mashine, nazo zimekwenda bila ya kumwachia kitu. Hesabu hiyo hubadilika kwa mtu ambaye tayari ana kompyuta inayofanya kazi: kwake kungoja ni bure. Kwa asiye nayo, kungoja kuna maana pale tu tarehe inapojulikana na badiliko lenyewe linagusa kazi yake.

Kwa mwalimu huyu, basi, mashine ya mwaka jana yafaa kununuliwa sasa, kwa sharti kwamba programu zake zitaendelea kupewa marekebisho na kumbukumbu yake si chini ya gigabaiti 8. Ikiwa kumbukumbu imechomelewa kwenye bodi na haiwezi kuongezwa, ni heri 16 tangu mwanzo.

Limebaki suala la betri. Pemba hupata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, ulioanza kazi mwaka 2010 na kupokea zamu ya jenereta za dizeli za Wesha. Unapokatika, mwenye betri nzima huendelea na kazi yake. Karafuu iliyoanikwa vyema hukaa ghalani bila ya kuharibika upesi. Betri ya lithiamu sivyo. Huzeeka hata isipotumika, na joto huiharakisha, hasa ikiwa imejaa. Kwa sababu hiyo mashine "mpya" iliyokaa rafuni miaka mitatu si mpya kamili. Katika Windows, amri powercfg /batteryreport huandika uwezo ambao betri iliundwa nao na ule iliobakiwa nao. Ikiwa wa kwanza ni miliwati-saa 50,000 na wa pili ni 30,000, asilimia 40 imekwisha potea, na gharama ya betri nyingine yapasa kupunguzwa katika bei kabla fedha hazijatolewa mfukoni.