DHAMIRI NA FAIDA
Habari ya Wenye Kiwanda cha Kakao, na Mafunzo Yake kwa Mfanya Biashara

Wako watu wasemao ya kuwa biashara haina dini wala haya. Kwamba kazi ya mfanya biashara ni kununua kwa bei ndogo na kuuza kwa bei kubwa, na mambo ya haki na dhuluma yaachwe msikitini na kanisani. Maneno hayo si kweli. Kila apimapo mtu ratili ya sukari, kila amlipapo kibarua wake, kila akubalipo au akataapo mali asiyojua ilikotoka, anakata shauri, na shauri hilo hutoka katika yale anayoyaamini. Kurani Tukufu ina sura nzima, sura ya 83, ambayo jina lake ni la wale wapunjao katika vipimo. Na katika Biblia sura ya 11 ya Mithali huanza kwa kulaani mizani ya hila.

Lakini kusema kwamba mtu afuate dhamiri yake ni rahisi. Lililo gumu ni kujua jinsi dhamiri inavyofanya kazi katika hesabu za kila siku, mahali penye mishahara ya watu wengi, mikataba, na washindani wanaongojea mwenzao aanguke. Kwa hiyo yafaa kuitazama habari moja iliyotokea kweli, ya ukoo wa Cadbury wa mji wa Birmingham katika Uingereza, waliokuwa wakitengeneza kakao na chokoleti. Habari hiyo ina mambo ya kusifiwa na ina mambo ya kulaumiwa, na yote mawili yana mafunzo.

BEI MOJA KWA WOTE

Ukoo huo ulikuwa wa madhehebu ya Quaker, ambao hujiita Marafiki. Katika Kenya wanajulikana sana, kwa maana misheni ya Kaimosi ilianzishwa mwaka 1902 na Marafiki waliotoka Marekani, na leo hakuna nchi yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Madhehebu hayo yalianza Uingereza katika karne ya 17. Wafuasi wake walikataa kuapa, kwa kuwa waliona ya kuwa mtu mkweli hana haja ya kiapo. Walikataa pia kupigana vita. Kwa muda mrefu hawakuweza kupata shahada katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, kwa sababu hawakuwa watu wa Kanisa la Uingereza. Basi wengi wao wakaingia katika biashara.

Katika biashara walisifika kwa jambo moja. Zamani zile muuzaji alitaja bei kubwa, mnunuzi akataja ndogo, wakavutana mpaka wapatane. Marafiki waliona kwamba mtu atajaye bei asiyotazamia kuipata amesema uongo. Kwa hiyo walitaja bei moja tu, kwa tajiri na kwa maskini. Mwanzoni wateja waliona ajabu. Baadaye wakatambua kwamba hata mtoto mdogo aweza kutumwa katika duka kama hilo asipunjwe, na wateja wakaongezeka. Jambo lililoanzwa kwa ajili ya ukweli likaleta na faida.

KAKAO SAFI NA NYUMBA ZA BOURNVILLE

Mwaka 1824 John Cadbury alifungua duka katika Birmingham, akauza chai, kahawa na kakao. Alikuwa mtu aliyechukia ulevi, naye aliona ya kuwa vinywaji hivyo vyaweza kuwa badala ya pombe iliyokuwa ikiharibu nyumba nyingi za maskini. Mwaka 1861 wanawe, Richard na George, waliichukua kazi hiyo ikiwa karibu kufa. Kila mmoja alitia paundi 4,000 alizorithi kwa mama yao, nazo kwa miaka michache zilipungua badala ya kuongezeka.

Siku zile kakao ilikuwa na mafuta mengi, na watengenezaji wengi walichanganya unga wa viazi na wa sago ili kuyafunika mafuta hayo. Wengine walitia hata vumbi la matofali. Mwaka 1866 ndugu hao wawili walinunua mashine ya Kiholanzi ya kukamua mafuta, wakaanza kuuza kakao tupu isiyochanganywa na kitu. Waswahili husema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata kizuri hakina budi kujulikana kwanza, nao walitangaza sana usafi wa kakao yao. Mwaka 1875 Bunge lilipopitisha sheria ya kuwaadhibu wauzao chakula kilichoghoshiwa, sheria ile haikuwapata.

Mwaka 1879 walihamisha kiwanda chao kutoka mjini penye moshi, wakakijenga mashambani mahali walipopaita Bournville. Tangu mwaka 1895 George Cadbury alijenga hapo nyumba zenye bustani, si kwa ajili ya wafanya kazi wake peke yao. Mwaka 1900 alizikabidhi nyumba 313 na ekari 330 za ardhi kwa wadhamini, ili yeye na watoto wake wasichume faida yo yote kwazo. Katika kijiji hicho hapakuwa na kilabu cha pombe hata kimoja, kwa sababu mwenyewe hakutaka. Hapa msomaji na aangalie: imani ya tajiri ilimpa mpangaji bustani, na imani hiyo hiyo ikamkatalia glasi yake ya bia. Mwenye mali akifuata dhamiri yake, mara nyingi huwa ameamua na kwa ajili ya wengine.

MASHAMBA YA SÃO TOMÉ

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1901. William Cadbury, mwana wa Richard, alipata habari ya kuwa katika visiwa vya São Tomé na Príncipe, vilivyotawaliwa na Ureno karibu na pwani ya magharibi ya Afrika, wafanya kazi wa mashamba ya kakao walikuwa watumwa kwa kila namna isipokuwa kwa jina. Tangazo la kuuza shamba moja liliwataja wafanya kazi weusi 200 pamoja na ng'ombe, wote wakiwa wametiwa bei. Wakati ule karibu nusu ya kakao iliyonunuliwa na kampuni ilitoka huko.

Kwa sheria ya Ureno utumwa ulikuwa umekwisha. Lakini watu walikamatwa au kununuliwa bara katika nchi ya Angola, wakapelekwa pwani, wakaandikiwa mkataba wa miaka mitano wasioufahamu, wakapakiwa katika meli. Mkataba ulipokwisha uliandikwa tena, na karibu hapana aliyerudi kwao.

Kampuni ilifanya nini? Haikuacha kununua mara moja. Mwaka 1903 William alikwenda Lisbon kuzungumza na wenye mashamba, nao wakamwambia aende akajionee mwenyewe. Mwaka 1905 alitumwa Joseph Burtt, Rafiki mmoja, aliyejifunza kwanza Kireno, kisha akazunguka visiwani na Angola. Aliporudi mwaka 1907 alithibitisha yote. Katikati ya muda huo Henry Nevinson, mwandishi wa magazeti, alikuwa amekwenda mwenyewe, na mwaka 1906 alitoa kitabu kilichoeleza mambo hayo wazi. Serikali ya Uingereza iliomba kampuni isifanye haraka wakati yenyewe ikisemezana na Ureno. Wenye kampuni nao walijiambia ya kuwa maadamu wao ni wanunuzi, maneno yao yatasikiwa. Wakiondoka, mwingine atanunua na hapana atakayesema. Hatimaye, katika Machi 1909, makampuni matatu ya Marafiki, yaani Cadbury, Fry na Rowntree, yalitangaza kwamba hayatanunua tena kakao ya São Tomé.

ROBO YA PENI

Kabla ya hapo, katika Septemba 1908, gazeti la Standard la London lilikuwa limeandika kwamba ukoo wa Cadbury ni wanafiki. George Cadbury alikuwa mwenye gazeti la Daily News, ambalo lilikuwa likipigia kelele mateso ya vibarua wa Kichina katika machimbo ya Transvaal. Kumbe mwenyewe anajaza maghala yake kakao ya watumwa. Kampuni ililishitaki gazeti hilo kwa kuvunja heshima yake, na kesi ikasikizwa Birmingham mwishoni mwa mwaka 1909. Wakili wa gazeti, Edward Carson, alimwuliza William kama amepata kukisia ni watu wangapi waliokufa katika miaka minane ile ya kungoja. William alijibu kwamba hakukisia.

Wazee wa baraza waliona ya kuwa gazeti lilikosa, na Cadbury wakashinda kesi. Lakini fidia waliyopewa ilikuwa robo ya peni moja. Katika mahakama za Kiingereza fidia kama hiyo ina maana yake: sheria iko upande wako, lakini heshima tuliyokupa ni hiyo tu.

Kakao ya badala ilipatikana Gold Coast, ambayo tangu mwaka 1957 huitwa Ghana. Huko Tetteh Quarshie alikuwa amepanda mbegu alizozileta kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka 1879, na wakulima Waafrika wakaipanua kazi hiyo katika mashamba yao wenyewe. Kufika mwaka 1911 nchi hiyo ilitoa kakao nyingi kuliko nchi zote za dunia. Hivyo mkulima huru alionyesha ya kuwa kakao haihitaji mnyororo. Kampuni ya Cadbury yenyewe ilinunuliwa mwaka 2010 na kampuni ya Kraft ya Marekani, lakini wadhamini wa Bournville wangali wanafanya kazi yao.

MAFUNZO

Kwanza, imani ya mtu hukata shauri kabla ya hesabu. Katika mambo ya bei moja na kakao safi, wale watu hawakuanza kwa kuuliza faida iko wapi. Walianza kwa kuuliza ni lipi wasiloweza kulifanya, kisha wakatafuta riziki katika njia zilizobaki.

Pili, ni rahisi kuona dhambi iliyo karibu kuliko iliyo mbali. Mfanya kazi wa Bournville alionekana kila siku. Mfanya kazi wa São Tomé hakuonekana. Mwenye duka amtendeaye mema mteja wake na aulize pia mali yake imetoka wapi, na nani aliyeibeba.

Tatu, mtu mwema naye hujipatia sababu njema za kuchelewa. Kuchunguza ni haki, kwa maana si vizuri kumhukumu mtu kwa uvumi. Lakini uchunguzi ukiwa hauna siku ya mwisho hugeuka kuwa pazia. Aliye katika minyororo ndiye anayelipa gharama ya kila mwaka unaopita.

Nne, anayesema juu ya haki hadharani hana budi kukagua ghala yake kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na sifa njema nayo ina daftari lake, ambalo huandikwa na watu wengine.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Karani wa chama cha ushirika ajua kwamba mizani ya kupimia kahawa inapunguza ratili moja katika kila gunia, na faida inabaki kwa chama, si kwake. Je, yeye ana hatia?

2. Mwenye duka aletewa mabati kwa nusu ya bei, bila hati. Akikataa, jirani yake atayanunua. Je, jambo hilo labadili wajibu wake?

3. Kama wewe ungalikuwa katika nafasi ya William Cadbury mwaka 1901, na kazi za maelfu ya watu zikitegemea kiwanda chako, ungalingoja muda gani?