KIUNGO KINACHOSHIKA GURUDUMU

Katika motokaa nyingi, gurudumu la mbele hushikwa na kiungo cha chuma chenye kichwa cha mviringo, ambacho mafundi hukiita boljointi. Mpira unaokifunika ukipasuka, grisi hutoka, vumbi na maji huingia, nacho huliwa upesi. Kikichomoka njiani, gurudumu hulala ubavu na dereva hawezi tena kuliongoza gari.

Ikiwa springi imekalia mkono wa chini, jeki huwekwa chini ya mkono huo, karibu na gurudumu, na gari hutegemezwa kwa stendi imara. Mtu mmoja huliinua tairi kwa mtaimbo, na mwenziwe hukitazama kiungo. Kikicheza kupita kipimo cha mtengenezaji, hakifai tena. Kisipocheza, lakini gurudumu likayumba, yafaa beringi zichunguzwe.

Wakati wa kufunga kiungo kipya, pini ya nati nayo iwe mpya. Matundu yasipolingana, nati hukazwa mbele kidogo. Haifai kamwe kuilegeza. Kisha mwelekeo wa magurudumu hupimwa upya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.