SOMO LA WIKI: KUUZA KADI YA GRAFIKI MKONO KWA MKONO

Mkulima wa Kilema anaijua biashara ya bei zinazopangwa mbali. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa ikapanda hata kwa mkulima aliye mlimani Kilimanjaro. Julai 1989 mfumo wa mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na mkulima yule yule akaumia bila ya kuwa na kosa lolote.

Wiki hii tunaitazama bidhaa nyingine yenye tabia hiyo hiyo, nayo ni kadi ya grafiki yenye nguvu kubwa. Hiki ni kifaa kinachochomekwa ndani ya kompyuta kuchora picha za michezo, kuhariri video za harusi, kuchora ramani za majengo, na siku hizi kuendesha programu za akili mnemba. Kijana aliyenunua kadi ya namna hiyo ameweka ndani yake mtaji wa kutosha kuanzisha mradi mdogo. Akiuza vibaya, mtaji huo unapotea ndani ya mchana mmoja. Hivyo basi, tufuatane hatua kwa hatua.

Kwanza: Jua daraja la mali yako

Kahawa haiuzwi kwa jina la "kahawa" tu, bali hupangwa madaraja na kuonjwa kabla ya mnada. Kadi nayo ina daraja, na majina yake hudanganya. GTX 1060 ya mwaka 2016 ilitoka na gigabaiti 3 za kumbukumbu, na nyingine ikatoka na 6. Kadi hizo mbili hazilingani hata katika idadi ya viini vya kufanyia kazi. RTX 3060 ipo ya gigabaiti 12, na ipo ya 8. RTX 3080 ipo ya 10, na ipo ya 12.

Kwa hiyo andika jina kamili, kiasi cha kumbukumbu, kampuni iliyoiunda, na mwaka ulioinunua. Aidha, ziko kadi za bandia sokoni, yaani kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina kubwa. Programu ya bure iitwayo GPU-Z husaidia kuzifichua. Piga picha ya skrini inayoonyesha matokeo yake kabla ya kutangaza mali yako.

Pili: Bei haikai mahali pamoja

Septemba 2020 RTX 3080 ilitangazwa kwa dola 699 za Marekani. Mwaka 2021 watu waliilangua kwa bei ya juu zaidi ya hiyo, kwa sababu vipuri vilikuwa adimu duniani na wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum walizinunua kadi kwa wingi. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha kabisa mfumo wa kuchimbwa kwa kadi. Wachimbaji wakamwaga mali sokoni, na mwezi uliofuata RTX 4090 ikaingia kwa dola 1,599. Aliyenunua kwa bei ya mlanguo ili auze baadaye alibaki na hasara.

Kizazi kipya cha kampuni ya Nvidia kimekuwa kikija kila baada ya takribani miaka miwili: Septemba 2018, Septemba 2020, Oktoba 2022, na Januari 2025. Kwa kawaida kadi ya zamani hushuka thamani kipya kinapokaribia. Kama umekwisha amua kuuza, usingoje tangazo.

Lakini kanuni hiyo ina kizuizi. Kadi zenye kumbukumbu kubwa, kama RTX 3090 na RTX 4090 zenye gigabaiti 24, zimeshikilia bei vizuri zaidi kwa sababu watu wa akili mnemba wanazitafuta. Kwa mcheza michezo, RTX 3080 ya gigabaiti 10 ni bora kuliko RTX 3060 ya 12, kwa kuwa ina kasi zaidi. Kwa mtu wa akili mnemba, ile dhaifu inaweza kupokea kazi ambayo haienei ndani ya ile yenye kasi. Kabla ya kutaja bei, muulize mnunuzi anakwenda kufanya nini nayo.

Tatu: Namna ya kupanga bei

Usianze na bei uliyonunulia, maana soko haliijui. Anza na bei ya leo ya kadi mpya yenye uwezo unaolingana na yako, kisha punguza kwa sababu tatu: umri wake, kukosa dhamana ya duka, na hatari anayoibeba mnunuzi.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme kadi mpya ya uwezo huo inauzwa Sh. 1,200,000 dukani. Ukiomba Sh. 1,100,000, mnunuzi ataongeza laki moja anunue mpya yenye dhamana. Ukiomba Sh. 850,000 anapata sababu ya kukusikiliza. Weka bei tatu: ya kutangaza 850,000, ya kutegemea 800,000, na ya mwisho 740,000. Ile ya mwisho ibaki moyoni mwako.

Kisha linganisha fedha itakayobaki mkononi. Mnunuzi wa Dar es Salaam anayetoa 830,000, lakini akakutaka ulipe Sh. 20,000 za usafirishaji na usubiri wiki tatu, si bora sana kuliko wa Moshi mjini anayetoa 800,000 leo. Tofauti ni Sh. 10,000, na juu yake unabeba hatari ya njiani.

Taja bei kwa shilingi. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutangaza bei ya bidhaa za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Nne: Jaribio mbele ya mnunuzi

Kadi isiyojaribiwa ni gunia lililofungwa. Iendeshe kwa kazi nzito dakika ishirini hadi thelathini, mnunuzi akitazama joto, akisikiliza feni, na kukagua kama skrini ina madoadoa au inazimika.

Kwanza hakikisha kompyuta ya majaribio inaimudu. RTX 3080 hutumia wati 320, na Nvidia wanashauri pawa saplai ya wati 750. RTX 4090 hutumia wati 450, na inashauriwa wati 850. Mnunuzi mwenye pawa saplai ndogo ataona kompyuta inazimika na kudai kadi ni mbovu. Vile vile, kadi hizi hazina tundu la VGA, hivyo mwenye skrini ya zamani anahitaji kibadilishio. Mweleze mapema, utaepuka ugomvi.

Kama umeme mlimani haueleweki siku hiyo, fanya jaribio mjini. Lakini ichomoe kadi ndani ya kompyuta kabla ya safari. Kadi nzito ikitikiswa kwenye barabara ya mawe inaweza kuvunja tundu iliyochomekwa. Itie katika mfuko wake wa kuzuia chaji za umeme, kisha katika boksi lenye sponji.

Ikiwa ilichimba sarafu au imewahi kutengenezwa, sema. Kwa sheria yetu ya mikataba, aliyedanganywa anaweza kuutengua mkataba. Ukweli uliosemwa mapema hupunguza bei kidogo. Uongo uliogundulika baadaye hurudisha mali yote na kuharibu jina.

Tano: Fedha na makabidhiano

Kutaneni mchana, mahali penye watu, karibu na benki au kwa wakala wa fedha za simu. Usiamini ujumbe mfupi unaosema fedha imeingia. Fungua mwenyewe menyu ya simu yako, angalia salio, ndipo uachie kadi. Akipiga mtu kudai amekutumia zaidi na urudishe haraka, mwelekeze kwa kampuni yake ya simu. Usipakie mali kwenye basi kwa ahadi ya kulipwa ikifika.

Andikeni hati fupi, nakala mbili: majina, namba za vitambulisho, jina kamili la kadi na namba yake ya siri ya kiwandani, bei, hali yake, tarehe, na kama kuna siku za majaribio au hakuna. Mpe mnunuzi risiti ya awali kama unayo. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na mnunuzi mwenye akili ataogopa kadi isiyo na historia.

Anayeuza kadi yake moja amebadilisha mali kuwa fedha. Anayenunua na kuuza kila mwezi ni mfanyabiashara, naye anapaswa kuwa na namba ya mlipakodi na kufuata taratibu za leseni na risiti.

Neno kwa mwenye mtaji mdogo

Wako watakaoona mfano wa RTX 4090 na kutamani kununua kadi za kuweka akiba. Tunashauri wasifanye hivyo. Kadi haizai wala hailipi riba, na kiwanda kinaweza kuipunguzia thamani kwa tangazo la saa moja. Nunua ikiwa ina kazi ya kukuingizia fedha, na kazi hiyo ikiisha, iuze mapema.

Maswali ya kujipima

1. Kadi yako ina jina gani kamili, na kumbukumbu kiasi gani?
2. Mpya yenye uwezo huo inauzwa bei gani wiki hii?
3. Bei yako ya mwisho ni ipi?
4. Utaijaribia wapi, na kwa pawa saplai ya wati ngapi?
5. Utathibitisha vipi kwamba fedha imeingia?

Asiyeweza kujibu maswali haya yote matano asiitangaze kadi yake kwanza.