Kuchagua Pikapu ya Gitaa la Umeme: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Mpiga gitaa anayepata riziki yake kwenye harusi na kumbi za dansi hana uwezo wa kununua kipuri kimoja mara mbili. Hata hivyo pikapu, yaani kile kinasa mtetemo kinachokaa chini ya nyuzi, ni miongoni mwa vipuri ambavyo wengi hununua kwa kusikia jina au kwa kuvutiwa na bei. Katika somo hili tunaeleza jinsi pikapu inavyofanya kazi, jinsi ya kuthibitisha kwamba ndiyo yenye kasoro, na mambo ambayo mtumiaji anapaswa kuyapima kabla ya kutoa fedha zake.

1. Kazi ya pikapu

Pikapu ya kawaida ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba, mara maelfu kadhaa. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, nguvu ya sumaku inayopita ndani ya koili hubadilika, na badiliko hilo huzalisha umeme mdogo unaopelekwa kwenye amplifaya. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazisikiki kwa pikapu ya namna hii, na nyuzi zilizoshika kutu hutoa sauti hafifu hata pikapu ikiwa nzima.

2. Thibitisha kasoro kwanza

Anza na vilivyo rahisi: badili kebo, funga nyuzi mpya, jaribu amplifaya nyingine. Kisha tazama urefu wa pikapu. Bonyeza uzi kwenye kingo ya mwisho ya shingo. Nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati ya uzi na pikapu ni mwanzo mzuri. Ikiwa mbali mno, sauti hudhoofika. Ikiwa karibu mno, sumaku huuvuta uzi na noti huyumba. Marekebisho haya hufanywa kwa bisibisi, bila gharama.

Sauti ikiwa imekatika kabisa, chomeka kebo, fungua volumu yote, chagua pikapu moja, kisha upime kwa mita kwenye ncha ya pili ya kebo. Pikapu nzima isiyotumia betri husoma omu elfu kadhaa. Mita ikisoma karibu omu 250,000 au 500,000, inaonyesha kizuizi cha volumu peke yake: huenda waya wa koili umekatika, au swichi na viungio vimeachia. Mtake fundi apime kwenye nyaya za pikapu yenyewe kabla hajaihukumu.

Tahadhari: ukihisi mshtuko wa umeme unapogusa nyuzi au maikrofoni, acha kupiga mara moja. Hiyo ni hitilafu ya umeme wa ukumbi, jenereta au amplifaya, na hakuna pikapu itakayoiondoa.

3. Aina ifuate haja

Pikapu ya koili moja, kama zile za Stratocaster, ina sauti angavu inayotenganisha noti vizuri. Kasoro yake ni kunasa mngurumo wa umeme wa majumbani, ambao kwetu una mizunguko 50 kwa sekunde. Anayeibadili kwa nyingine ya koili moja ili aondoe mngurumo huo atakuwa amepoteza fedha.

Pikapu ya koili mbili ilibuniwa na Seth Lover wa kampuni ya Gibson katika miaka ya 1950. Koili zake zimepangwa kinyume, hivyo mngurumo wa moja hufuta ule wa nyingine, na sauti huwa nene na yenye nguvu zaidi. Zipo pia pikapu za koili mbili zenye umbo la koili moja, zinazoingia katika tundu lilelile bila kuchonga mbao.

4. Vipimo visivyosameheka

Pima urefu, upana na kina cha tundu. Pima pia umbali kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita, hapo pikapu itakapokaa. Karibu na daraja, magitaa mengi huwa na takriban milimita 50 hadi 53. Uliza kama pikapu ni ya shingoni au ya darajani. Uzi hutikisika kidogo zaidi karibu na daraja, kwa hiyo pikapu ya hapo mara nyingi huzungushiwa waya mwingi zaidi.

Vizuizi vya volumu na toni navyo vina sehemu yake: kwa desturi, koili moja hutumia omu 250,000 na koili mbili 500,000. Pikapu za betri huhitaji vizuizi vyake maalumu na nafasi ya betri ya volti 9. Aidha, rangi za nyaya hutofautiana kati ya watengenezaji. Dai mchoro wa bidhaa husika, usikubali kukisiwa.

5. Namba isikupumbaze

Wauzaji hupenda kusema kwamba pikapu yenye omu nyingi ndiyo bora. Omu hupima ukinzani wa waya, nao hutegemea wembamba na urefu wake. Aina ya sumaku na umbo la koili huathiri sauti pia. Tumia namba hiyo kulinganisha pikapu za muundo mmoja tu. Koili moja ya kawaida husoma takriban omu 5,500 hadi 7,000.

6. Haki na wajibu wako

Dai risiti inayotaja jina la bidhaa, aina yake, na kama ni mpya au imetumika. Masharti ya kurudisha yaandikwe kabla ya kuchomelea, kwa kuwa wauzaji wengi hukataa kupokea pikapu iliyokatwa nyaya. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mtumiaji; kuuza bidhaa bandia kwa jina la kampuni mashuhuri ni upotoshaji. Tunza kasha, risiti na pikapu ya zamani, kwani malalamiko yasiyo na ushahidi ni magumu kuyatetea.

Jipime: Je, umeshabadili kebo na nyuzi? Je, unaweza kuitaja kasoro kwa sentensi moja? Je, vipimo vya tundu umeviandika? Ukikosa jibu la swali lolote kati ya haya, fedha zako zibaki mfukoni kwanza.