Maana ya Neno "Pedigree"

Ndugu mkulima, ukienda mnadani Bissil kununua fahali, waweza kuambiwa, "Huyu ni pedigree," na papo hapo bei ikapanda. Kabla ya kutoa fedha, ni vema ujue maana ya neno hilo.

Waingereza walilipata neno hili kwa lugha ya Kifaransa, zaidi ya miaka 500 iliyopita. Maana yake ya kwanza ni "mguu wa korongo." Makarani wa zamani, walipoandika koo za watu, walichora mistari mitatu kutoka jina la mzazi kwenda majina ya watoto. Alama hiyo ilifanana na unyayo wa korongo, kama uuonavyo katika tope kando ya bwawa. Baadaye neno likahamia kwa wanyama. Mwaka 1822 ng'ombe wa Shorthorn walipata kitabu chao cha ukoo huko Uingereza. Kenya ilianzisha kitabu chake mwaka 1920. Siku hizi hutunzwa na shirika la wafugaji liitwalo KLBO, Nakuru.

Basi angalia sana. Neno hili halisemi kwamba ng'ombe ni mnene, wala kwamba ametoka ng'ambo. Lasema kwamba wazazi wake, na wazazi wao, wanajulikana na wameandikwa. Fahali mwekundu mwenye nundu na ngozi inayoning'inia shingoni aweza kufanana kabisa na Sahiwal halisi, kumbe mama yake ni chotara. Utayajua hayo kwa ndama wake, na wakati huo fedha yako imekwisha kwenda.

Wazee wa Kimaasai hujua ukoo wa ng'ombe wao kwa kichwa: huyu ni binti wa yule aliyetolewa mahari. Elimu ni ile ile. Lakini fahali akiuzwa, kumbukumbu ya mzee hubaki bomani. Cheti humfuata mnyama.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Omba cheti cha ukoo.
2. Linganisha namba ya cheti na ile ya sikioni.
3. Kama hakuna cheti, lipa bei ya fahali wa kawaida.
4. Anza daftari lako leo: namba ya ndama, tarehe ya kuzaliwa, mama na baba.

Maswali

1. Kwa nini korongo ametajwa katika neno hili?
2. Je, rangi ya fahali yatosha kuonyesha ukoo wake?
3. Ndama wako wa mwisho kuzaliwa, baba yake ni yupi? Umeandika wapi?